Delestaji Ikija, Kazi Isirudi Mwanzo: Vidokezo 9 vya Kuchagua Mfumo wa Kujenga Programu

Wako vijana Likasi wanaoandika programu. Wengine wamepitia Chuo Kikuu cha Likasi, wengine wamesomea ESIS Salama kule Lubumbashi, wengine wamejifunza wenyewe usiku kwa simu. Mtu akiwa peke yake na mafaili kumi, hana haja ya ushauri huu. Ugumu unaanza mradi unapokua: watu sita, wawili Likasi, watatu Lubumbashi, mmoja Kinshasa, na mafaili ya msimbo kwa maelfu. Hapo ndipo lazima mkubaliane programu itajengwa kwa mfumo gani, na kila mmoja ataiandikia wapi.

Ushauri mwingi unaopatikana juu ya jambo hili umeandikwa na watu wenye umeme saa 24 na intaneti isiyopimwa kwa mega. Wao hushindanisha mifumo kwa sekunde. Kwetu kipimo cha kwanza ni kama mfumo unaweza kuendelea pale ulipoishia.

1. Kabla ya kasi, pima umeme

Umeme wa Katanga ulijengwa kwa ajili ya viwanda. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha mwaka 1930 kwa sababu ya shaba, na ile laini ndefu ya kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika 1982, ilivutwa kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba ya mtu hupata kinachobaki. Kwa hiyo chukulia kwamba delestaji, yaani mgao wa umeme, itakukuta katikati ya kazi, na uchague mfumo kwa kuzingatia hilo.

Tatizo lenyewe ni hili. Mifumo ya zamani, Make ikiwa mama yao, huamua kitu kipi kijengwe upya kwa kulinganisha saa za mafaili. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, linabaki nusu, lakini saa yake ni mpya. Ukiwasha kompyuta, mfumo unaliona ni jipya kuliko chanzo chake, unaliacha kama lilivyo, na unaendelea kujenga juu ya faili bovu. Kosa litakalotokea halitafanana kabisa na chanzo chake. Dawa ni ndogo: andika sheria zako ili kila hatua iandike kwanza kwenye faili la muda, kisha ilibadilishe jina ikishamaliza. Mifumo mipya zaidi ina kinga yake. Ninja huweka daftari la amri zilizokamilika. Bazel haitegemei saa, hupima yaliyomo ndani ya faili.

Jaribio la kweli ni rahisi. Tengeneza nakala ya mradi kwenye kompyuta ambayo haina kitu cha thamani, anza kujenga, halafu izime kwa nguvu katikati. Iwashe, toa amri ile ile. Mfumo unaokulazimisha kufuta kila kitu na kuanza upya haukufai hapa, hata kama umesifiwa vipi.

2. Elewa mfumo unafanya nini kabla ya kuchagua jina lake

Mtu wa Likasi ana bahati ya kulielewa hili haraka, maana ameishi karibu na kiwanda cha shaba cha Shituru. Madini husagwa, huloweshwa kwenye asidi, kisha umeme huvuta shaba hadi kwenye katodi. Ukibadilisha namna ya kuosha katodi mwishoni, hakuna mtu anayerudi Kambove kuchimba upya. Mfumo mzuri wa kujenga programu unafanya hivyo hivyo: unajua kila kitu kimetoka wapi, na ukigusa hatua moja unarudia yale tu yaliyo mbele yake.

Wazo hilo lina miaka ipatayo 50 sasa: Stuart Feldman aliiandika Make mwaka 1976 katika maabara za Bell, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa ameshalirekebisha, ila faili lililorekebishwa halikuwa limekompailiwa upya. Mifumo yote iliyokuja baadaye inajibu swali lile lile la Feldman. Ukiuliza mfumo mpya maswali mawili, yaani unajuaje kilichobadilika na unajuaje kinachokitegemea, utaufahamu ndani ya siku moja.

3. Iache lugha ichague, halafu wewe uchague kilichobaki

Hapa tusipoteze muda. Android: Gradle, kwa sababu Google iliichagua mwaka 2013 na mafunzo yote yamejengwa juu yake. Java ya seva: Maven au Gradle. C na C++: CMake pamoja na Ninja, au Meson ukianza mradi mpya na unataka maandishi yanayosomeka. Rust na Go zina mifumo yake ndani, tumia hiyo hiyo. Bazel, ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2015, ni kazi ya heshima, lakini imekusudiwa kampuni zenye wahandisi wengi na seva za kujengea. Kwa kikundi cha watu sita itakula muda wa mmoja wenu kabisa. Mimi singeiweka.

4. Mradi wa kurithiwa: Maven kabla ya Gradle

Hili litabishaniwa, na nitalitetea. Gradle ina kasi na inaruhusu mambo mengi. Faili lake la kujengea ni programu kamili, unaweza kuandika ndani yake chochote. Ndiyo sababu kila mradi wa Gradle una tabia zake, na aliyeuandika akipata kazi mgodini Kolwezi, anayebaki anakaa wiki nzima akifumbua mafumbo. Maven ni ngumu kuipinda. Maandishi yake ya XML ni marefu na yanachosha macho, lakini ukijua mradi mmoja unaijua nusu ya mingine yote.

Angalia miradi mikubwa iliyokulia kwetu Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, na leo unaandikwa na watu wa nchi nyingi ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Unajengwa kwa Maven. DHIS2, uliozaliwa kwenye Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, nao seva yake ni Java inayojengwa kwa Maven, huku programu yake ya simu ikitumia Gradle. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kikundi kinachoufanyia kazi. Na hapa Kongo wizara ya afya inatumia DHIS2 katika mfumo wake wa taarifa, ule SNIS, kwa hiyo takwimu za vituo vya afya vya Likasi zinapita humo. Kijana anayetaka kuona mradi mkubwa unavyogawanywa na kujengwa hana haja ya kutafuta mbali. Achukue msimbo wa OpenMRS, uko wazi kwa wote, autazame jinsi ulivyokatwa vipande: kimoja cha kazi za ndani, kingine cha wavuti, kingine cha majaribio, kila kimoja na faili lake.

Kuna faida nyingine ya vipande hivyo. Kazi ikikatika kwenye kipande cha nne, Maven inakubali amri ya "-rf" ikifuatiwa na jina la kipande, nayo inaanzia hapo hapo. Ukitaka kipande kimoja tu pamoja na vile kinavyovitegemea, kuna "-pl" na "-am". Na tafadhali, acheni mazoea ya kuandika "clean" kila mara. Neno hilo linafuta kazi yote iliyokwisha kufanyika, na wengi wanaliandika kwa sababu tu waliliona kwenye somo la kwanza.

5. Mradi ujengeke bila intaneti

Kidokezo hiki kingeweza kuwa cha kwanza. Mradi wa Java wa ukubwa wa kati unavuta mamia ya maktaba kutoka ghala la mbali mara ya kwanza unapojengwa. Mradi wa JavaScript unaweza kuvuta zaidi ya hapo. Anayelipia mega kwa simu anajua maana yake: kifurushi cha wiki kinaisha kabla programu haijafunguka.

Maven na Gradle huhifadhi zilichovuta kwenye diski yako, na zote mbili zina njia ya kufanya kazi bila mtandao: "-o" kwa Maven, "--offline" kwa Gradle. Lakini usingoje siku mtandao ukikosekana ndipo ujaribu. Jenga mradi wote mara moja ukiwa na intaneti, pamoja na majaribio yake, kwa sababu baadhi ya vifaa huvutwa pale tu vinapohitajika. Kisha kata mtandao makusudi, ujenge tena. Kinachokosekana kitajitaja chenyewe.

Kikundi kikiwa na chumba kimoja cha kazi, fanyeni zaidi. Chukueni kompyuta ya zamani yenye diski nzuri, wekeni Nexus juu yake iwe ghala la karibu, na kila mashine ichote humo kupitia waya au Wi-Fi ya ndani. Maktaba inavutwa mara moja tu kwa ajili ya wote. Na kwa kuwa kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kilomita zipatazo 120, mtu anayekwenda huko kwa shughuli zake anaweza kubeba diski, akaijaza mahali penye mtandao mzuri, na kurudi nayo jioni. Git pia ina amri ya "bundle", inayofunga historia ya mradi kwenye faili moja la kubeba kwa flashi. Njia hizi ni halali kabisa, na ni za uhandisi mzuri.

Anayeanza na mradi wa wengine avute kwa "--depth 1", apate hali ya sasa bila historia ya miaka yote.

6. Funga matoleo

Mradi ukisema "nataka toleo jipya la maktaba hii, lolote", kila asubuhi mfumo utakwenda mtandaoni kuuliza kama kuna jipya. Maven, kwa mfano, hukagua matoleo ya SNAPSHOT kila siku usipoikataza. Ni mega zinazoondoka bila kazi, na mbaya zaidi, mtu wa Likasi na mtu wa Kinshasa wanajikuta wanajenga programu mbili tofauti kwa msimbo ule ule.

Andika namba kamili za matoleo. Faili la kufungia matoleo, lile linaloitwa "package-lock.json" kwa npm au "Cargo.lock" kwa Rust, liwekwe kwenye Git pamoja na msimbo. Funga pia toleo la mfumo wenyewe: "gradlew" na "mvnw" zipo kwa kazi hiyo. Ila zingatieni kwamba "gradlew" itajaribu kuivuta Gradle yenyewe kutoka nje, na si faili dogo. Ielekezeni kwenye ghala lenu la ndani.

7. Saa, lugha na mkato: mitego ya mashine za Kongo

Sijaona mwongozo wa kigeni unaoligusa hili inavyostahili, na kwetu ni la kila siku.

Kongo ina saa mbili. Likasi na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa, na orodha ya saa za dunia ambayo kompyuta hutumia inazitaja kwa majina tofauti, Africa/Lubumbashi na Africa/Kinshasa. Jaribio linalosema "ripoti ya leo iwe na tarehe ya leo" litapita kwa mmoja na kukataa kwa mwingine likiendeshwa karibu na usiku wa manane. Amua kwamba majaribio yote yaendeshwe kwa saa ya UTC, na uandike hivyo ndani ya faili la mfumo wa kujenga ili mtu asilazimike kukumbuka.

Kisha mashine zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa. Kifaransa huandika tatu na nusu kwa mkato, 3,5, wakati msimbo mwingi wa majaribio unangoja nukta. Java hufuata mpangilio wa mashine, kwa hiyo jaribio lililopita huko Nairobi linakataa Likasi na msimbo hauna kosa lolote. Taja lugha ya mpangilio waziwazi. Na herufi zenye alama, kama zile za neno Gécamines, zitaharibika kama mashine moja inasoma UTF-8 na nyingine inasoma kitu kingine. Tangu Java 18 ya mwaka 2022 UTF-8 ndiyo ya kawaida. Kwa matoleo ya nyuma, iandike wewe mwenyewe kwenye "project.build.sourceEncoding".

La tatu linahusu betri ndogo iliyo kwenye bodi ya kompyuta, ile inayotunza saa. Kompyuta za mtumba mara nyingi zina betri iliyokufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka mingi. Make, inayoamini saa, inaona mafaili ya jana kama yametoka siku zijazo, na itatoa onyo kwamba saa haziendani. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito. Rekebisha tarehe kwanza, ndipo ujenge. Hata flashi ina mtego wake: ikiwa imepangwa kwa FAT, inaandika saa ya mahali pale, haijui habari za UTC. Mafaili yaliyonakiliwa Kinshasa na kufunguliwa Likasi yanaweza kupishana kwa saa nzima. Sababu nyingine ya kubeba kazi kwa "git bundle" badala ya kunakili folda.

8. Kihariri kilingane na RAM yako, na mradi usikitegemee

Android Studio inataka angalau RAM ya GB 8, na hata hapo inahema. Gradle nayo huacha mchakato wake ukisubiri nyuma kwa saa tatu baada ya kazi, ukishikilia kumbukumbu. Mwenye GB 4 auzime kwa "--no-daemon", apunguze kazi zinazokwenda sambamba, na kwa C++ aweke "-j2", kwa sababu Ninja ikiachwa huru hutumia viini vyote vya kompyuta. Aongeze pia ccache ya Andrew Tridgell, inayokumbuka kilichokwisha kukompailiwa. Kwa watu wa C++ hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, na haigharimu kitu.

Kuhusu vihariri: IntelliJ IDEA ni bora kwa Java kama mashine inaimudu. Eclipse ni ya zamani, toka 2001, na bado ni kazi nzuri. VS Code iko katikati. Na kwa mashine dhaifu kuna Vim, ambayo watu wa ukanda wetu wana sababu ya kuipenda zaidi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, katikati ya miaka ya 1990, kwenye kituo cha watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Tangu hapo aliendelea kuitoa Vim bure, ila akiwaomba wanaoitumia wawasaidie watoto wale. Ukiifungua bila faili, ombi hilo la watoto wa Uganda huonekana mara kwa mara kwenye ukurasa wa kwanza. Alifariki Agosti 2023, na maandishi yake yamebaki pale kwenye kompyuta za dunia nzima. Kwa msaada wa seva ya lugha, yaani kile kifaa kinachokupa makosa na mapendekezo unapoandika, Vim ya leo inaweza mengi ambayo zamani yalikuwa ya vihariri vikubwa peke yake.

Chagueni kila mtu chake. Sharti moja tu: mradi ujengeke kwa amri moja kwenye skrini nyeusi, bila kihariri chochote. Mradi unaojengeka kwa kubofya kitufe ndani ya Eclipse ya mtu mmoja utakufa siku kompyuta yake itakapoibiwa.

9. Upimeni mfumo kwa mgeni

Mfumo ukishachaguliwa, tafuteni mwanafunzi ambaye hajauona mradi. Mpeni kompyuta ya kawaida, diski yenye ghala la maktaba, na karatasi moja yenye amri. Mkubwa wa kikundi akae kando bila kusema neno. Kila mahali mgeni anaposimama kuuliza, karatasi ina upungufu au mfumo una siri, na siri hiyo iandikwe siku hiyo hiyo kwenye faili la kujengea. Rudieni kila mtu mpya anapoingia, na kila mnapobadilisha toleo la Java. Karatasi iwe ya Kifaransa na ya Kiswahili, iwekwe ndani ya mradi wenyewe, na nakala yake ibandikwe ukutani, maana delestaji ikija huwezi kuisoma kwenye skrini.